Mapigano Yanayosomeka: Mvuto wa Picha za Kichina za Zamani

Ndugu zangu, na hasa ninyi vijana mnaoshika kamera, asanteni kwa kuitikia mwito. Tumeombwa tuzungumzie picha za mapigano za Kichina, zile za zamani, zilizotengenezwa Hong Kong na Taiwan kuanzia miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980. Zilijaza kumbi za sinema za mwambao na bara, zikahamia kwenye mikanda ya VHS na vibanda umiza, vile vyumba vidogo vya kuonyeshea video, na leo zimo kwenye simu za watoto. Damu yake inaonekana wazi kuwa ni rangi. Midomo na maneno haviendi pamoja. Hadithi mtu anaweza kuibashiri mapema kabisa, na kila mmoja anajua kwamba steringi hafi, ingawa kwa Wachina hata hilo si hakika. Na bado tunakaa mpaka mwisho.

Jibu letu ni kwamba mapigano yake yanasomeka. Unaona nani kampiga nani, kwa kiungo gani, akitokea upande gani, na kwa nini pigo hili limeingia wakati lililotangulia lilizuiwa. Usomekaji huo haukuja kwa bahati. Ulitengenezwa, na namna ulivyotengenezwa inaweza kujifunzwa na yeyote mwenye subira.

Tuanze na miili, maana bila miili ile hakuna kinachofuata. Hong Kong ilikuwa na shule za opera ya Beijing zilizochukua watoto wadogo kwa mkataba. Jackie Chan aliingia shule ya mwalimu Yu Jim-yuen akiwa na miaka 7, kwa mkataba wa miaka 10. Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa humo humo. Siku ya mtoto ilikuwa kusimama kwa mikono, kupasua msamba, kupiga sarakasi, kuimba, kushika mkuki na upanga, na kuchapwa pale anapokosea. Watazamaji wa opera walipopungua, vijana hao wakabaki na ujuzi usio na jukwaa, na wakati huo huo studio za filamu zilikuwa zinatafuta watu wa kuanguka, kuruka na kupigwa. Wakachukuliwa. Kwa hiyo hata yule adui wa tatu kutoka kushoto, asiye na jina wala mstari wa kusema, alikuwa na mafunzo ya miaka kumi mwilini. Tazameni mwanzo wa Enter the Dragon ya 1973: anayepambana na Bruce Lee katika pambano lile la kwanza ni Sammo Hung.

Chanzo cha pili kilikuwa walimu wenyewe wa kung fu. Hapa kuna mnyororo unaostahili kutajwa kiungo kwa kiungo. Wong Fei-hung alikuwa mtu wa kweli, mwalimu na mganga wa kusini mwa China. Alimfundisha Lam Sai-wing, aliyekuwa muuza nyama ya nguruwe. Lam akamfundisha Lau Cham. Lau Cham akamfundisha mwanawe, Lau Kar-leung, ambaye alikuja kupanga mapigano na kuongoza picha kwenye studio ya Shaw Brothers. Kuanzia 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza Wong Fei-hung katika picha zaidi ya 70, na Lau Kar-leung alikulia ndani ya kazi hizo. Mtu wa namna hiyo anapokwambia mguu uwekwe hapa, anajua mguu huo uliwekwa hapo na babu wa ufundi wake.

Ndiyo maana tunawaomba mtazame kwa makini The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, ambayo Lau aliiongoza na Gordon Liu akaigiza kijana San Te. Sehemu kubwa ya katikati ya picha hiyo haina adui. Ni mazoezi. San Te anafika hekaluni na kwa haraka ya ujana anaomba aanzie chumba cha juu kabisa. Anashindwa papo hapo, anashushwa mpaka chumba cha 35, kile cha chini kabisa. Huko jaribio lake la kwanza ni kuvuka maji ili afike kwenye chakula, na katikati ya maji kuna fungu la magogo linaloelea. Akikanyaga kwa uzito, linazama naye. Anakula siku atakapojifunza kugusa na kuondoka.

Baadaye anabeba ndoo mbili za maji, mikono imenyooshwa pembeni, na visu vimefungwa mikononi ncha zikielekea mbavuni. Akichoka akashusha mikono, anajichoma mwenyewe. Kisha anapewa mti mrefu wa mwanzi wenye uzito kwenye ncha, agonge nao kengele kwa nguvu ya kiganja na kifundo tu, akifuata mdundo anaopigiwa na mtawa. Mdundo ukiharakishwa, naye aharakishe. Angalieni alichofanya mwongozaji: kila zoezi linakufundisha wewe mtazamaji kusoma kiungo kimoja. Miguu, bega, kifundo, macho. San Te anapoanza kupambana kweli, unakiona kiungo kinachofanya kazi na unajua kilivyopatikana. Anapozidiwa na mtawa mwenye visu viwili vipana, anarudi kufikiri, anajaribu tena, anazidiwa tena, mpaka anapobuni fimbo ya vipande vitatu iliyounganishwa kwa minyororo. Silaha hiyo inashinda kwa sababu inayoonekana: kisu kikizuia kipande cha kwanza, cha pili kinapinda na kupita nyuma ya kinga. Hakuna haja ya mtu kueleza kwa maneno.

Picha nyingi zilizoiga hii zilichukua mazoezi zikaacha sababu. Shujaa anapasua matofali, anapanda mlima, muziki unapanda, halafu anashinda kwa teke ambalo halihusiani na lolote alilojifunza. Ukiandika hadithi ya mafunzo, andika kwanza pigo la mwisho, kisha rudi nyuma ujiulize ni zoezi gani lingelizaa.

Sasa mdundo. Hapa opera iliacha alama kubwa kuliko kwingine kote. Kwenye jukwaa la opera, mpambanaji anakwenda kasi, kisha anaganda katika mkao kamili huku ngoma na matasa yakilia, kisha anakwenda tena. Picha za Hong Kong ziliurithi mpangilio huo: kituo, mlipuko, kituo. Mapigo matano, saba, hata kumi yanafuatana bila pumzi, halafu wote wawili wanasimama. Kituo kinaweza kuwa chini ya sekunde moja, lakini ndicho kinachokupa nafasi ya kuelewa ulichokiona. Ukikiondoa, mapigo kumi yanageuka kelele. Vijana wengi wanaopanga mapigano leo wanaogopa kituo wakidhani kitapunguza kasi. Kasi haionekani bila kitu kilichotulia pembeni yake.

King Hu, mwongozaji aliyefanya kazi Hong Kong na kisha Taiwan, alikivuta kituo hicho mpaka kikawa tukio zima. Katika Come Drink with Me ya 1966, Cheng Pei-pei, aliyetokea kwenye mafunzo ya dansi ya baleti, ameketi mezani kwenye nyumba ya wageni huku maharamia wakijaa mmoja mmoja kumzunguka. Muda mrefu unapita kabla ya pambano kufumuka. Wanamchokoza, anajibu kwa kitendo kidogo, anatulia. Kila jibu linakuongezea habari juu ya uwezo wake, na kufikia wakati wa vurugu wewe na maharamia mmeshajua mnashughulika na nani. Na tuseme hapa hapa, kwa sababu watu husahau: wanawake hawakuwa pambo katika picha hizi. Angela Mao alibeba picha nzima mabegani, na Kara Hui alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za kwanza za filamu za Hong Kong, mwaka 1982, kwa kazi yake katika My Young Auntie, picha ya mapigano.

Tuingie kwenye kamera, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Kwanza, umbali. Mpambanaji aonekane kuanzia utosi hadi unyayo katika shoti nyingi za pambano. Nguvu ya ngumi inaanzia mguuni, inapita kiunoni, ndipo inafika mkononi. Ukikata miguu, umekata chanzo cha nguvu na kilichobaki ni mkono unaopunga. Shoti ya karibu ina kazi yake, ya kuonyesha uso unaotambua kwamba umeshindwa, au vidole vinavyobadilisha mshiko. Pigo lenyewe lionekane kwa mbali kidogo.

Pili, pembe. Mapigo mengi ya kifuani na tumboni katika picha hizo yaligusa kweli, na aliyepigwa alivaa kinga chini ya nguo. Ya usoni yalipita mbele ya uso. Ili pengo lisionekane, kamera, ngumi na uso viwe kwenye mstari mmoja, yaani kamera ikae nyuma ya bega la mpigaji au la mpigwaji. Ukiiweka ubavuni, pengo la sentimita 15 linaonekana na mtazamaji wa mwisho ukumbini. Lenzi ndefu inasaidia, kwa kuwa inawafanya watu wawili waonekane wamekaribiana kuliko walivyo.

Tatu, kasi ya fremu. Picha ya sinema huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Ukirekodi kwa 22 na kuonyesha kwa 24, mwendo unakuwa wa haraka kwa asilimia 9 hivi, na macho ya kawaida hayashtuki. Ukirekodi kwa 20, ongezeko ni asilimia 20, na hapo ndipo hatari inapoanza. Ngumi inapendeza, lakini kinachoanguka chenyewe kinakusaliti: vumbi linatua upesi mno, maji yanarushwa na kurudi kama yamevutwa, pindo la nguo linatikisika kwa wasiwasi, na anayetembea nyuma ya wapambanaji anaonekana anakimbizwa. Ukitaka kutumia 20, ondoa vumbi, ondoa maji, na usiache mtu atembee nyuma.

Nne, na hili ndilo tungependa mlichukue hata mkiacha mengine: namna ya kugawa kazi. Huko Hong Kong mpanga mapigano alikuwa na mamlaka makubwa. Pambano lilipoanza, mara nyingi yeye ndiye aliyeamua kamera ikae wapi na shoti ikatwe wapi. Hawakurekodi pambano zima mara nne kutoka pembe nne ili wakaamue kwenye uhariri. Walipanga mapigo machache, wakayafanyia mazoezi pale pale, wakachagua pembe moja inayoyafaa, wakarekodi mpaka yakakaa sawa, ndipo wakahama kwenda kipande kinachofuata na pembe yake. Kila shoti ikazaliwa na kazi moja.

Gharama yake ni muda na kumbukumbu. Pambano la dakika tano linaweza kula siku nyingi. Jua linahama na vivuli vinageuka. Jasho linakauka. Mkono wa shati uliochanika asubuhi uwe umechanika jioni, mahali pale pale. Mtu mmoja apewe daftari na asifanye kazi nyingine yoyote: aandike mguu upi ulikuwa mbele shoti ilipokatwa, silaha ilikuwa mkono gani, na adui yupi alikuwa amelala wapi. Kosa tunaloliona zaidi katika kazi zetu za nyumbani ni hilo la mguu. Shoti inaisha mguu wa kushoto uko mbele, inayofuata inaanza na wa kulia. Watazamaji hawawezi kulitaja kosa hilo, lakini wanaacha kuliamini pambano.

Kwenye uhariri kuna jambo dogo ambalo timu ya Jackie Chan ililitumia vizuri sana. Ukikata kutoka shoti pana kwenda shoti ya karibu katikati ya pigo, usiendeleze pale ulipoishia. Rudia fremu tatu nne. Jicho linapokutana na picha mpya hupoteza muda mfupi kutafuta pa kutazama, na katika muda huo pigo limeshapita. Ukirudia kidogo, ubongo unaliona pigo moja lenye uzito. Ukizidisha marudio, unapata pigo lililopigwa mara mbili, na hilo ni kosa jingine. Kwa maanguko makubwa yeye alifanya kinyume, alirudia waziwazi. Katika Project A ya 1983 anaachia mnara wa saa, anapasua vitambaa viwili vya kivuli, anafika chini, na picha inatuonyesha zaidi ya mara moja ili tujue ni yeye.

Halafu kuna poda. Nguo ya anayepigwa hupakwa unga mwepesi pale pigo litakapotua. Teke likifika, unga unaruka, na jicho linapata ushahidi. Paka kidogo. Ukijaza, mtu anaonekana ametoka kwenye kiwanda cha saruji.

Sauti nitaipitia haraka, ingawa inastahili hotuba yake. Picha hizi kwa kawaida zilirekodiwa bila sauti, na sauti zote zikawekwa baadaye. Ndiyo sababu ya midomo kutofuatana na maneno, hata katika Kichina chenyewe. Lakini uhuru uliopatikana ulikuwa mkubwa: mwongozaji aliweza kuhesabu mapigo kwa sauti shoti ikiendelea, na waigizaji wa lugha tofauti waliweza kucheza pamoja. Kila pigo lilipewa sauti mbili. Kwanza upepo wa mkono wa nguo, kisha kishindo. Ukiweka kishindo peke yake, pigo linakosa safari. Na kishindo kikae kwenye fremu ambayo ngumi inasimama. Kikichelewa fremu mbili tu, kila kitu kinaonekana cha kuigiza.

Sasa Bruce Lee. Picha zake kubwa alizozikamilisha Hong Kong zinahesabika: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, kisha Enter the Dragon, iliyotoka baada ya kufariki kwake tarehe 20 Julai 1973. Kwa ufundi, alikwenda njia tofauti na wenzake wa opera. Mapigo yake ni machache na mafupi. Anasimama, anapiga, kimekwisha. Usomekaji wake unatokana na utulivu unaozunguka pigo.

Pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma, katika The Way of the Dragon, picha aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, ni darasa kamili. Hawaanzi kupigana. Wanapasha miili moto, kila mmoja upande wake, mifupa inalia, na paka mdogo anawatazama. Raundi ya mwanzo Lee anapigwa na kuangushwa. Kisha anabadilisha miguu, anaanza kurukaruka kwa wepesi, na mpinzani anakosa kitu cha kulenga. Norris anajaribu kumwiga na miguu yake inakataa. Kuanzia hapo unajua mshindi, na pambano linakuwa swali jingine: je, huyu aliyeshindwa atakubali kuacha? Lee anamtikisia kichwa kumwambia asiendelee. Anaendelea. Baada ya kumuua, Lee anamfunika kwa vazi lake na mkanda wake. Heshima ile kwa adui ndiyo inayolitofautisha pambano na ugomvi.

Katika Fist of Fury kuna shida ambayo kila mpanga mapigano huikuta: mtu mmoja dhidi ya ukumbi mzima. Kwa nini wasimrukie wote? Waliitatua kwa kuwapa wanaosubiri kazi. Wanazunguka, wanajiinua kutoka sakafuni, wanazibiana njia. Kamera inapanda juu na kuonyesha duara likipanuka kila Lee anapogeuka. Kisha anashuka chini na kupiga miguu. Ukiwaacha maadui wamesimama wakingoja zamu, pambano limekufa.

Picha hiyo hiyo inafanyika Shanghai wakati mataifa ya kigeni yana nguvu juu ya mji. Kwenye lango la bustani kuna kibao kinachosema mbwa na Wachina hawaruhusiwi, na shujaa anakipasua kwa teke. Mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam mwaka 1973, aliyekulia chini ya mkoloni, hakuhitaji kutafsiriwa kibao kile. Katika The Big Boss wanaoonewa ni vibarua wa kiwanda cha barafu. Hadithi zilikuwa rahisi, ndiyo, lakini zilijua nani anakanyagwa.

Vibanda vilituongezea kitu na kutupunguzia kitu. Vilituongezea wasimulizi. Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya na mavijei wa Uganda waliichukua picha ya kigeni wakaitia sauti ya kwetu, na waliweza kwa sababu mapigano yenyewe hayakuhitaji maneno. Walichotupunguzia mikanda ni picha yenyewe. Filamu hizi zilirekodiwa kwa upana wa 2.35 kwa 1. Televisheni za zamani zilikuwa 4 kwa 3. Ili kujaza kioo, pembeni zilikatwa, na zaidi ya asilimia 40 ya fremu ikapotea. Katika pambano la mikuki unaona mkuki ukiingia kutoka pasipo na mtu. Wengi wetu tuliipenda sanaa hii huku tukionyeshwa nusu na kidogo tu ya kilichorekodiwa. Tangu mwishoni mwa 2002 maktaba ya Shaw Brothers, yenye picha zipatazo 760, imekuwa ikitolewa upya ikiwa imesafishwa na kwa upana wake kamili. Tafuteni hizo.

Na mkizipata, fanyeni hivi. Chagueni pambano moja lisilozidi dakika tatu. Litazameni mara ya kwanza kama watazamaji. Mara ya pili zimeni sauti na mhesabu mapigo kati ya kituo na kituo. Mara ya tatu simamisheni kila shoti inapokatwa na mchore miguu ilipo. Mara ya nne fumbeni macho msikilize tu. Halafu chukueni wenzenu wawili, fimbo mbili za mbao laini zilizofungwa kitambaa ncha, uwanja wenye nyasi au mchanga, na mrekodi mapigo sita. Fanyeni kwa nusu ya kasi mpaka hakuna anayekosea mara kumi mfululizo, ndipo muongeze. Mpigwaji ndiye aanze kujifunza, kabla ya mpigaji, kwa sababu yeye ndiye anayeliuza pigo: akijibu kabla ngumi haijafika, hakuna kamera itakayomwokoa. Maswali sasa, na anayetaka kushika fimbo asogee mbele.